Udhibiti wa usalama wa reli Mwanza

Udhibiti wa usalama wa reli Mwanza ni kazi ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kurithi majukumu ya mamlaka iliyoitangulia, SUMATRA, ya usafiri wa nchi kavu. Huduma zenyewe huendeshwa na Shirika la Reli Tanzania (TRC).

Historia. Reli yenye upana wa mita moja kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Stesheni yake iko wilayani Nyamagana. Kutoka bandari ya Mwanza Kusini, mabehewa ya mizigo huvushwa Ziwa Victoria kwa meli ya MV Umoja.

Viwango. LATRA huweka viwango vya usalama, huthibitisha ubora wa vichwa vya treni na mabehewa, na huwathibitisha madereva. Umuhimu wa kazi hiyo ulionekana kwa uchungu mkubwa Juni 2002 huko Igandu, Dodoma: treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walifariki.

Mafunzo na ubunifu. Wataalamu huandaliwa katika chuo cha reli cha TRC mjini Tabora na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam. Kwa upande wa ubunifu, jiwe la msingi la reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, yenye urefu wa kilomita 341 pamoja na njia za kupishania, liliwekwa Juni 2021. Upana wake ni milimita 1,435, kipimo kinachotumika sehemu kubwa ya dunia.