Uchaguzi wa Madiwani na Mamlaka ya Halmashauri katika Ufipa: Manispaa ya Sumbawanga na Kata ya Wampembe, 1953–2024

1. Utangulizi

Historia ya serikali za mitaa Tanzania Bara huelezwa mara nyingi kwa kutumia matukio mawili: kuvunjwa kwa halmashauri mwaka 1972 na kurejeshwa kwake mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mgawanyo huo ni sahihi kwa tarehe, lakini unatoa picha kwamba halmashauri zikishakuwapo na madiwani wakishapigiwa kura, uwakilishi umekamilika. Insha hii inajenga hoja tofauti. Katika Ufipa, haki ya kuchagua diwani na uwezo wa baraza analoingia diwani huyo havikukua kwa pamoja. Haki ya kura ilipanuka kwa hatua tangu miaka ya 1950, lakini mambo yanayoamuliwa na baraza yalipunguzwa mara mbili: kwanza kati ya 1969 na 1972, kisha hatua kwa hatua baada ya 2003.

Hoja hiyo inachunguzwa kwa kulinganisha maeneo mawili ya Mkoa wa Rukwa. La kwanza ni mji wa Sumbawanga, makao makuu ya mkoa, ambao leo ni manispaa. Katika sensa ya mwaka 2012 manispaa hiyo ilikuwa na watu 209,793 kati ya watu 1,004,539 wa mkoa mzima. La pili ni Wampembe, kata ya Wilaya ya Nkasi iliyo kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Ziwa liko takribani mita 770 juu ya usawa wa bahari, ilhali uwanda wa juu wa Ufipa, penye Sumbawanga na Namanyere, uko juu zaidi kwa mamia ya mita. Kwa hiyo diwani wa Wampembe anayekwenda kwenye kikao Namanyere hupanda kutoka mwambao hadi uwandani, wakati diwani wa kata ya katikati ya mji wa Sumbawanga anaweza kufika ukumbini kwa miguu. Tofauti hiyo ya kijiografia ndiyo inayofanya ulinganisho huu uwe na maana.

2. Kutoka kwa mwene hadi kwa diwani

Kabla ya ukoloni Ufipa ilikuwa na dola mbili, Nkansi na Lyangalile, kila moja ikiwa chini ya mwene wake. Utawala wa Kijerumani ulijenga boma lake Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, kwenye mwambao wa kusini wa ziwa. Waingereza walipochukua Tanganyika, utawala ulihamia uwandani, na hatimaye Sumbawanga ikawa makao ya wilaya. Athari ya uhamisho huo kwa watu wa mwambao haikuwa ndogo. Walioishi karibu na njia ya maji, iliyokuwa njia kuu ya mawasiliano, walijikuta mbali na ofisi iliyoamua mambo yao.

Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, iliwatambua watawala wa jadi kuwa vyombo vya serikali. Katika mfumo huo, mtu aliyekaa barazani aliingia kwa nasaba au kwa uteuzi, na hakuwajibika kwa wapigakura. Hatua ya kwanza ya kubadili msingi huo ilikuwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1953, iliyoruhusu kuundwa kwa halmashauri zenye wajumbe wa kuchaguliwa. Hata hivyo, sheria hiyo iliambatana na sera ya mabaraza ya rangi zote, ambayo wananchi wengi waliiona kuwa njia ya kuwapa wageni wachache nafasi isiyolingana na idadi yao. Upinzani uliotokea Geita mwaka 1958 uliionyesha serikali ya kikoloni kwamba suala la nani anakaa barazani halikuwa la kiutawala tu.

Baada ya uhuru mabadiliko yalikuwa ya haraka. Mwaka 1963 mamlaka ya kiserikali ya machifu yalifutwa kisheria, na halmashauri za wilaya zikawa ndicho chombo cha msingi cha utawala wa eneo. Halmashauri za wakati huo zilikuwa na majukumu yanayoonekana: shule za msingi, zahanati, barabara za vijijini, na ukusanyaji wa kodi ya kichwa na ushuru wa mazao. Ingawa Katiba ya Muda ya mwaka 1965 iliifanya TANU kuwa chama pekee Tanzania Bara, na kwa hiyo ikapunguza uhuru wa kugombea, diwani wa kipindi hicho aliingia kwenye baraza lenye fedha na kazi zake lenyewe.

3. Kuvunjwa kwa baraza, 1969–1982

Kudhoofika kwa halmashauri kulianza kabla ya 1972. Kuanzia 1969 serikali kuu iliondoa kodi ya kichwa na ushuru wa mazao, vyanzo viwili vikubwa vya mapato ya wilaya, na ikachukua majukumu makuu ya huduma. Mkulima alipata nafuu, lakini halmashauri ilibaki na wajumbe bila mapato. Uamuzi wa 1972 wa kuzivunja halmashauri za wilaya, uliofuatiwa na kuvunjwa kwa zile za miji, ulikamilisha jambo lililokwisha kuanza.

Sera ya 1972 iliitwa madaraka mikoani. Maofisa wa serikali kuu walipelekwa mikoani na wilayani, na Wakurugenzi wa Maendeleo wakapewa bajeti. Wawakilishi wa wananchi waliingia katika Mabaraza ya Maendeleo ya Wilaya, ambayo kazi yake ilikuwa kushauri. Kwa hiyo madaraka yaliyosogezwa karibu yalikuwa ya ofisa. Katika muongo huohuo Mkoa wa Rukwa uliundwa, na Sumbawanga ikapata hadhi ya makao makuu ya mkoa. Mji ulipata ofisi nyingi zaidi wakati uleule ambapo halmashauri zenye wajumbe wa kuchaguliwa zilikuwa hazipo.

Ngazi pekee iliyopata umbo la kisheria katika kipindi hicho ni kijiji. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa Na. 21 ya 1975 iliunda mkutano mkuu wa kijiji na halmashauri ya kijiji. Sheria hiyo ilitungwa wakati wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini, iliyohusisha shuruti, na haiwezi kutenganishwa na mazingira hayo. Hata hivyo, iliacha chombo ambacho maeneo ya mijini hayakukipata.

4. Ngazi mbili zisizolingana

Hali mbaya ya huduma za mijini iliilazimu serikali kurejesha halmashauri za miji kwa sheria ya mwaka 1978. Sheria ya Uchaguzi wa Serikali za Mitaa Na. 4 ya 1979 iliweka utaratibu wa kuwachagua madiwani. Mwaka 1982 zikatungwa sheria mbili tofauti: Na. 7 kwa mamlaka za wilaya na Na. 8 kwa mamlaka za miji. Halmashauri za wilaya zilianza kazi upya mwaka 1984. Nkasi, iliyomegwa kutoka Sumbawanga katika miaka hiyo ya 1980, ilipata halmashauri yake Namanyere.

Kutungwa kwa sheria mbili kulizaa aina mbili za uwakilishi. Wampembe, chini ya kata, kuna vijiji na vitongoji. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, ni chombo chenye nafsi ya kisheria. Inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, na kutunga sheria ndogo kwa idhini ya halmashauri ya wilaya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 iliikabidhi usimamizi wa ardhi ya kijiji. Sumbawanga mjini, chini ya kata, kuna mtaa. Mtaa una mwenyekiti na kamati inayochaguliwa, lakini hauna nafsi hiyo ya kisheria wala mamlaka juu ya ardhi. Uamuzi wa viwanja, masoko na ushuru uko manispaa.

Kutokana na hali hiyo, diwani wa mjini anabeba uzito mkubwa zaidi, kwa sababu chini yake hakuna chombo cha kuchaguliwa chenye uwezo wa kuamua. Diwani wa Wampembe yuko mbali zaidi na ukumbi wa halmashauri, lakini nyuma yake kuna vijiji vyenye mamlaka yao. Mji unapopanuka na kijiji cha pembezoni kikageuzwa mitaa, wakazi wanaendelea kupiga kura kama awali, ila wanapoteza halmashauri ya kijiji na sauti ya moja kwa moja juu ya ardhi. Kwa kawaida mabadiliko hayo hupokewa kama kupanda hadhi. Kwa kipimo cha uwakilishi, yana gharama.

5. Vyama vingi na kupungua kwa mamlaka

Kurejeshwa kwa vyama vingi mwaka 1992 kulipanua haki ya kuchagua kuliko hatua yoyote iliyotangulia. Uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa wa 1994 ulikuwa wa kwanza wa ushindani tangu miaka ya 1960, na madiwani huchaguliwa siku moja na Rais na wabunge. Viti maalumu viliwaingiza wanawake barazani kwa idadi isiyowahi kuonekana. Waraka wa sera wa mwaka 1998 uliahidi ugatuaji wa madaraka kwa wananchi.

Mwelekeo wa fedha na majukumu ulikuwa kinyume. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo, chanzo muhimu kwa manispaa kama Sumbawanga, ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka kiwango cha juu cha asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Kwa Ufipa, nchi ya mahindi, punguzo hilo la mwisho ndilo lililogusa zaidi. Mwaka huohuo barabara za vijijini na mijini zilikabidhiwa TARURA, na mwaka 2019 maji vijijini yakakabidhiwa RUWASA.

Kila hatua ilikuwa na sababu yake, ikiwemo kumpunguzia mkulima mzigo na kutafuta ufanisi wa kitaalamu. Lakini kwa pamoja zilibadili kazi ya diwani. Barabara ya Kitosi hadi Wampembe, inayounganisha uwanda na mwambao, imekuwa hoja ya kuulizwa bungeni. Kwamba kilio cha kata kinapaswa kusafiri hadi Dodoma ili kipate jibu ni ushahidi wa mahali uamuzi ulipo. Wapigakura humwuliza diwani kuhusu barabara na maji, ilhali mambo hayo husimamiwa na wakala ambazo hazikuchaguliwa na hazimwajibiki.

Ushindani wenyewe nao umekuwa na mipaka. Mkurugenzi wa halmashauri, mteule wa Rais, alikuwa pia msimamizi wa uchaguzi. Mahakama Kuu iliutangaza utaratibu huo kuwa kinyume cha Katiba mwezi Mei 2019, na Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo Oktoba mwaka huohuo. Katika chaguzi za vijiji na mitaa za 2019, ambazo vyama vikuu vya upinzani vilijiondoa, na za 2024, CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za wenyeviti wa vijiji na mitaa. Matokeo hayo hayatoshi kuthibitisha kwamba wapigakura wa Rukwa hawana utashi wa kubadilika. Mwaka 2020 jimbo la Nkasi Kaskazini, katika wilaya ileile yenye Wampembe, lilimchagua mbunge wa CHADEMA, Aida Khenani, wakati karibu majimbo yote ya Bara yalikwenda CCM.

6. Hitimisho

Sheria Na. 1 ya 2024 imeunganisha uchaguzi wa Rais, wabunge na madiwani katika sheria moja, na mjadala wa umma umejikita katika tume na wasimamizi. Mjadala huo ni wa lazima, lakini historia ya Ufipa inaonyesha kuwa hautoshi. Katika miaka ya 1960 kulikuwa na ushindani mdogo ndani ya baraza lenye kazi nyingi, na tangu kurejeshwa kwa vyama vingi kuna ushindani mpana zaidi kwa ajili ya baraza lenye kazi chache. Uchaguzi huru wa diwani asiye na barabara, maji wala kodi ya kusimamia ungempa mwananchi wa Wampembe haki kamili ya kumchagua mpeleka ujumbe. Kipimo cha uwakilishi, kwa hiyo, kinapaswa kujumuisha pamoja na sanduku la kura orodha ya mambo ambayo baraza linaweza kuyaamua bila kusubiri idhini kutoka juu. Kwa mkazi wa mtaa wa Sumbawanga, ambaye hana halmashauri ya kijiji ya kukimbilia, orodha hiyo ndiyo uwakilishi wenyewe.