Chaguo Moja katika Kundi: Vitufe vya Kuchagulia na Mfano wa Geita na Shinyanga

Neno kifungo lina maana zaidi ya moja. Kifungo ni kile kifungacho shati, na kifungo ni adhabu ya gerezani; maana zote mbili zatokana na kitenzi funga. Ilipohitajika kutajwa sehemu ya mashine ibonyezwayo kwa kidole ili kazi itendeke, neno hilo halikutosha, kwa sababu kitu chenyewe aghalabu hakifungi chochote. Neno lililopata nguvu katika programu za kompyuta ni kitufe, ambalo kwa umbo lake ni udogo wa tufe, na kitenzi kiendacho nalo ni bonyeza. Walakini kukipa jina kitufe kimoja si kazi ngumu. Ugumu uko katika vitufe vikaavyo kwa makundi, kwa maana kila kundi lina sheria yake, na sheria hiyo haionekani kwa macho.

Makundi hayo ni ya namna mbili. Katika namna ya kwanza, mtumiaji aweza kutia alama mahali pamoja, au pengi, au asitie kabisa. Umbo lake ni kisanduku cha mraba. Katika namna ya pili, chaguo ni moja tu: kikibonyezwa kitufe kimoja, kile kilichokuwa kimechaguliwa kwanza huachia papo hapo. Umbo lake ni duara dogo lenye nukta ndani. Waingereza na Wamarekani wakaviita vitufe hivyo kwa jina la redio, kwa kufuata redio za magari za zamani, ambazo vitufe vyake vya stesheni vilikuwa vimeungwa kwa ndani hata kimoja kikiingia, kingine kikatoka. Kompyuta ya Macintosh iliyotolewa mwaka 1984 ilikuwa navyo, na tangu hapo vimeenea katika programu karibu zote.

Kiswahili kilikutana na jambo hili wakati wa kutafsiri programu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Mfasiri asemaye "kitufe cha redio" huwa ametafsiri maneno, wala hakutafsiri jambo. Mkazi wa Kahama au wa Nyang'hwale hakuizoea redio ya gari ya namna ile. Aliyoijua ni redio kaseti, ambayo nayo ilikuwa na safu ya vitufe: ukibonyeza cha kurudisha mkanda nyuma, cha kupiga huruka juu. Sheria ni ile ile, lakini jina halimkumbushi, kwa sababu aisikiapo redio hufikiri habari na muziki, wala hafikiri vitufe.

Na desturi ya kumtaka mtu achague moja haikuanza na kompyuta. Fomu za serikali zilikuwa na agizo lijulikanalo sana: "Futa isiyohusika." Mwandikaji alipewa maneno mawili au matatu, akakata yasiyokuwa yake, likabaki moja. Karatasi haikuwa na nguvu ya kumzuia asiache mawili. Aliyezuia ni karani, aliyeirudisha fomu.

Mfano mkubwa zaidi ni uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, uliofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Kila mpiga kura alitakiwa apige kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia, na moja kwa Mzungu. Asiyetimiza zote tatu, kura yake iliharibika. Kwa lugha ya leo, karatasi ile ilikuwa na makundi matatu, kila kundi likiwa na chaguo moja, na hakuna kundi lililoruhusiwa kubaki tupu. Mpiga kura alikuwa na uhuru ndani ya kila kundi, lakini hakuwa na uhuru juu ya makundi yenyewe. Hilo ndilo lililowasumbua wanachama wa TANU katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, ambapo Julius Nyerere aliwashawishi waingie katika uchaguzi ule. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake.

Mwaka huo huo watu wa Geita walilikataa jambo la jamii hiyo kwa njia nyingine. Wilaya hiyo ilikuwa katika Jimbo la Ziwa, na TANU ilikuwa imenyimwa ruhusa ya kufungua matawi katika Usukuma tangu 1954. Serikali ilikuwa imeweka baraza la wilaya lenye wajumbe wa Kiafrika, wa Kiasia na wa Kizungu. Wananchi wengi walikusanyika kulipinga, na umati ukatembea hata Mwanza kudai liondolewe. Mwishowe baraza hilo liliachwa. Watu wa Geita hawakubishana juu ya nani achaguliwe katika kila fungu. Walibishana juu ya mafungu yenyewe, na nani aliyeyapanga.

Baada ya Uhuru mpango ukabadilika. Katika uchaguzi wa 1965 wagombea wawili walishindana katika jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Kundi lilikuwa moja, chaguo moja, na hata asiyejua kusoma aliielewa sheria yake mara moja, kwa kuwa vitu hivyo viwili vilikuwa vya kila siku.

Mtengenezaji wa programu hufanya kazi ile ile ya mpangaji wa karatasi za kura. Katika kurasa za mtandao, vitufe huwa kundi moja kwa kupewa jina moja la ndani, ambalo mtumiaji halioni. Mstari au fremu inayovizunguka ni pambo tu, haivifungi pamoja. Basi akikosea na kuyapa maswali mawili jina moja, jibu la swali la pili hulifuta jibu la swali la kwanza bila sauti yoyote. Kama karatasi ya 1958 ingalitengenezwa hivyo, kura ya tatu ingalizifuta mbili za kwanza. Tena, aghalabu kitufe cha namna hii kikishabonyezwa hakiachii kwa kubonyezwa tena. Mtu aweza kuhama, hawezi kurudi kwenye hali ya kutojibu. Asipowekewa kitufe cha "Sijui" au "Nyingine", kunyamaza kwake hakuna mahali.

Uzito wa jambo hili ulionekana katika Sensa ya Agosti 2022, ambapo makarani walitumia vishikwambi kwa mara ya kwanza nchini, badala ya madodoso ya karatasi. Mathalani, mtu wa Geita aweza kulima pamba wakati wa mvua, akaingia duarani kutafuta dhahabu wakati wa kiangazi, na kuwa na sehemu katika karasha la ndugu yake. Aulizwapo shughuli yake kuu, chaguo ni moja. Mkulima akiandikwa, mchimbaji hupotea katika hesabu. Yako pia makundi yaliyoondolewa kwa makusudi: sensa ya 1967 iliuliza kabila, lakini ile ya 2022 haikuuliza kabila wala dini.

Wachimbaji wadogo wa ukanda huo wamejitungia maneno yao, kama vile duara, karasha na mwalo, na yamedumu kwa sababu kila moja lasema kazi yake kwa watu waifanyao. Neno makinikia lilikuwa la wataalamu, hata mwaka 2017, mchanga wa Bulyanhulu na Buzwagi ulipozuiwa kusafirishwa, likawa katika kila kinywa. Vitufe navyo vyastahili majina ya namna hiyo. "Vitufe vya chaguo moja" huitaja sheria ya kundi kabla mtu hajabonyeza, na "visanduku vya machaguo mengi" hutaja sheria ya pili. Mtu aliyeijua sheria aweza kuuliza lile walilouliza watu wa Geita: kwa nini makundi yamepangwa hivi, na je, yangeweza kupangwa vingine?