Eneokazi Huru na Lugha Yetu

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi vijana mlioko madarasani sasa, nataka kueleza historia ya kitu mnachokitazama kila mwashapo kompyuta: madirisha, menyu na alama za mafaili. Wataalamu hukiita eneokazi.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alitoa Linux, programu ya kuendesha kompyuta ambayo kila mtu aweza kuisoma, kuibadili na kuigawa. Lakini ilikuwa ngumu kwa mtu wa kawaida. Tarehe 14 Oktoba 1996, mwanafunzi mwingine, Matthias Ettrich wa Tübingen, Ujerumani, aliwaita wenzake watengeneze eneokazi rahisi la kutumia juu ya Linux. Ndiyo KDE, iliyotoa toleo lake la kwanza Julai 1998.

Ugomvi haukukosa. KDE ilijengwa juu ya Qt, kazi ya kampuni ya Trolltech ya Norway, ambayo leseni yake wakati huo haikuwa huru kamili. Kwa sababu hiyo Miguel de Icaza na Federico Mena, vijana wa Meksiko, walianzisha GNOME mwaka 1997. Mwaka 2000 Qt iliwekwa chini ya leseni huru. Hapana budi tuelewe kwamba hawakubishania bei. Walibishania ruhusa.

Ruhusa hiyo ilitufikia. Nchi iliyopiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974 ilishuhudia, miaka 30 baadaye, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishirikiana na wataalamu wa Sweden katika mradi wa Kilinux. Desemba 2004 ilitoka Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Haikuwa eneokazi lenyewe, lakini ilithibitisha kwamba lugha yetu yaweza kuongoza mashine. Huku kwetu Iringa, mwaka 2007 Chuo cha Tumaini kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Joensuu, katika nchi ileile ilikozaliwa Linux.

Hata hivyo, tafsiri ya programu ni kama shamba la mahindi: usipopalilia, magugu hulimeza. Matoleo mapya hutoka kila mwaka na maneno mapya, na asipokuwepo wa kuyafasiri, Kiingereza hurudi kwenye skrini. Mpaka leo Kiswahili hakijakamilika katika KDE wala GNOME. Mlango u wazi. Wafanyakazi ndio wachache.

Jambo hili lagusa shule zetu. Tarehe 14 Oktoba 2025, siku tunayomkumbuka Baba wa Taifa, Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta nyingi zilizo nzima haziwezi kupokea Windows 11. Zikiwekewa Linux na eneokazi jepesi kama Xfce, zaweza kufundisha miaka mingine.

Hivyo basi natoa rai. Sisi wa zamani, tulioko ofisini Mbeya, Iringa na kwingineko, tuchangie mashine. Vijana, kaeni na walimu wenu wa Kiswahili na wa kompyuta, mfasiri menyu moja baada ya nyingine. Hakuna wa kuombwa kibali.