Mnacheka Kuku wa Barafu wa Bibi Yangu? Kaeni Niwape Historia

Wasee, wiki jana niliposti klipu ya sekunde 40. Bibi yangu, yuko kwake Kiwayu, anatumbukiza vipande vya kuku wa barafu ndani ya sufuria ya presha, anafunga mfuniko, anakaa mkekani kungoja filimbi. Basi. Hakuna muziki, hakuna chochote. Nilidhani ni klipu ya kufurahisha tu.

Komenti zikaanza kuingia. "Kisiwani mnakula kuku wa friza? Kwani samaki wameisha?" Mwingine: "Utamaduni wa pwani umekufa rasmi." Halafu kuna mmoja akaandika, "Huyo bibi amekuwa mvivu."

Hiyo ya mwisho iliniuma. Bibi yangu huamka kabla ya adhana ya alfajiri. Mimi ndiye mvivu hapa, niliyeacha chuo mwaka wa pili na sasa nashinda nikitafuta mahali penye netiweki. Yeye mwacheni. Ndiyo nikasema nitaandika hii, ndefu kidogo, mnisamehe. Hoja yangu ni moja: kabla hujasema watu wamepoteza utamaduni wao, uliza kwanza nani aliwaachia nini cha kupika, maji ya nani, na moto gani.

Kwa wale ambao ramani zenu zinaishia Malindi: Kiwayu ni kisiwa chembamba kule juu kabisa kwenye visiwa vya Lamu, ukielekea mpaka wa Somalia. Wenyewe ni Wabajuni. Upande mmoja bahari kuu, upande mwingine mikoko na bara. Tangu 1979 bahari yake ni sehemu ya hifadhi ya Kiunga. Ukimgoogle Kiwayu utapata vitu viwili tu: picha za ufuo mtupu, na habari za 2011. Hakuna anayekuonyesha jikoni.

Tuanze na kuku mwenyewe, maana kuna watu wanadhani kuku ni kitu cha bara kilichotupata juzi. Kuku asili yake ni Asia, na pwani hii imemjua zamani sana. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mogadishu, ambako ni mwambao huu huu ukipanda kaskazini. Akaandika alichokula: wali uliopikwa kwa samli, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Kuku na samaki sinia moja, miaka karibu 700 iliyopita. Kwa hivyo aliyesema "watu wa bahari hula samaki peke yake" atafute hadithi nyingine.

Sasa swali zuri ni hili: kwa nini kuku huyu anatoka friza, na si uani kwa bibi?

Bibi anajibu bila kufikiria: "Kuku wangu nitamlisha nini?" Nilicheka, nikadhani ni mzaha. Halafu akanieleza. Zamani watu wa visiwa hivi walikuwa na mashamba upande wa bara. Unavuka kwa mtumbwi, unalima, unarudi na mavuno. Kisha vikaja vita vya Shifta, 1963 hadi 1967. Vijiji vya Wabajuni kule bara vilishambuliwa, watu wakakimbia na walichoweza kubeba. Wengine visiwani, wengine Lamu mjini, Malindi, Mombasa. Upande wa babu yangu ndivyo tulivyokuwa watu wa Mombasa, wala hatukuhama kutafuta maisha ya mjini kama nilivyokuwa nikidhani utotoni. Vita viliisha, lakini wengi hawakurudi, na mashamba mengi yakawa pori. Ukikosa shamba, pumba na mahindi ya kuku unanunua dukani, yanakuja kwa boti, na kila kinachokuja kwa boti kinalipiwa mara mbili.

Ikabaki bahari. Sawa. Halafu Septemba 2011 watu wenye silaha wakaingia usiku kwenye hoteli ya ufuoni karibu na hapa. Mtalii mmoja Mwingereza akauawa, mkewe akatekwa akapelekwa Somalia, akakaa huko hadi Machi 2012. Oktoba 2011 jeshi la Kenya likaingia Somalia. Dunia inaikumbuka hadithi hii kama habari ya watalii, na kweli, ule msiba ni wao. Lakini waliobaki kisiwani walilipa pia. Wageni wakakatika. Na kwa miaka uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku huku kwetu kwa sababu za usalama.

Kama hujawahi kuishi na wavuvi unaweza kusema, si wavue mchana? Ngoja. Kuna samaki wa usiku na kuna samaki wa mchana. Kuna upepo na kuna bamvua, na vyote havifuati saa za ofisi. Ukimwambia mvuvi asitoke usiku umemwondolea sehemu nzima ya kazi yake, na ya chakula cha nyumbani pia.

Na hata kile kizuri kinachovuliwa, hakikai. Kiwayu ni nchi ya kamba, wale wakubwa mnaowaona kwenye sahani za hoteli. Umeshawahi kumwona mvuvi akila kamba wake? Mimi mara chache sana. Kamba ni ada ya shule, ni dawa, ni injini. Anauzwa. Samaki wazuri nao wanaingia kwenye makasha ya barafu, boti inaondoka kwenda Lamu. Siku inayorudi, ndani ya boti hiyo hiyo kuna kasha jingine, na ndani yake kuku wa barafu. Nilisimama pale ufuoni siku moja nikaangalia hilo badilishano, nikaona hakuna darasa la uchumi nililokaa likanieleza hivyo. Cha bei kinatoka, cha bei rahisi kinaingia.

Na tusidanganyane, huyo kuku mara nyingi ni wa mayai aliyestaafu. Ametaga mpaka amechoka, ndipo akachinjwa. Nyama yake ngumu kama ukanda. Ukimchemsha kwenye sufuria ya kawaida utakaa naye saa mbili, na zaidi.

Saa mbili za moto gani? Na maji ya nani?

Hapa ndipo presha inapoingia, na hapa ndipo yule wa "mvivu" anatakiwa asome polepole. Maji ya kunywa na kupikia Kiwayu ni ya mvua. Yanakingwa na kuhifadhiwa kwenye jabia, birika kubwa la kujengwa, yanagawanywa mpaka mvua ijayo. Bibi husema "mai", si "maji", na akisema "mai yale" unajua anaongelea kitu kinachohesabiwa. Moto nao una hesabu yake. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya nzima, lakini huwezi kuingia tu na panga. Mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti nchini, na watu wa Lamu walioishi kwa mikoko walilia mpaka wakasikika. Gesi ipo, lakini mtungi nao unapanda boti.

Presha inapika kuku yule mgumu kwa kama dakika 40, kwa vikombe viwili vya maji, na maji hayo hayapotei hewani, yanabaki kuwa mchuzi. Siri yake ni rahisi. Kwenye sufuria ya kawaida maji yakifika nyuzi 100 yanachemka na moto wote wa ziada unatoka na mvuke. Ukiufungia mvuke ndani, msukumo unapanda, na maji yanafika karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Nyuzi hizo 20 za ziada ndizo zinazolainisha mshipa na mfupa.

Aliyegundua hili alikuwa Mfaransa, Denis Papin, mwaka 1679, akifanya kazi London. Kilichonishangaza ni kwamba hakuwa akitafuta mapishi ya matajiri. Alitaka kulainisha mifupa, ile inayotupwa, iwe chakula cha watu wasio na kitu. Mwaka 1682 aliwapikia wanasayansi wa Royal Society, na mmoja wa wageni, John Evelyn, akaandika kwenye shajara yake kwamba mifupa ililainika kama jibini, na makaa yaliyotumika hayakufika hata gramu 250. Soma tena hapo. Miaka zaidi ya 340 iliyopita, mtu aliyesifia chakula cha presha alisifia pia uchache wa makaa. Bibi yangu hajawahi kumsikia Evelyn, lakini wangekaa mkeka mmoja wangeelewana.

Papin mwenyewe aliishia vibaya. Alikuwa Mprotestanti, na mwaka 1685 mfalme wa Ufaransa alipofuta haki za Waprotestanti, akawa hana kwao pa kurudi. Alifundisha Ujerumani, akachora injini ya mvuke kabla ya wengi, kisha akafa London masikini. Nikisoma hayo nawaza wale waliotoka vijiji vya bara na kufuli mkononi wakidhani watarudi baada ya wiki.

Sufuria yake ndiyo ilisafiri. Karne ya 20 ikaingia viwandani Marekani, kisha India, na kutoka huko na Ghuba ikaja pwani yetu. Hii ya bibi aliileta khalati wangu kutoka Jeddah, alikokuwa akipika kwenye nyumba ya watu. Miaka yake minne ya kazi, ukiuliza imebaki wapi, kidogo ni bati juu ya paa na kidogo ni presha hii.

Sasa niwaambie aibu yangu. Siku ya kwanza nilijitolea kupika mimi. Nikachukua kuku mzima, mgumu kama jiwe, nikamtia kwenye presha na maji, nikafunga. Filimbi ikalia, nikahesabu dakika kama YouTube ilivyosema, nikatoa mvuke, nikafungua kwa madaha mbele ya watu. Nje amepasuka, ngozi imeyeyuka. Bibi akachoma kisu kifuani. Katikati mwekundu, na kisu kikagonga barafu.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Barafu haina haraka, mwanangu."

Baadaye nikasoma, ni kweli kabisa. Kuyeyusha barafu tu, bila kuipasha, kunakula moto sawa na wa kupandisha maji yale yale kutoka nyuzi 0 hadi 80. Kwa hivyo kuku mzima wa barafu anamaliza moto wako kabla hajaanza kuiva, na filimbi inakupa habari za maji ya pembeni, haikwambii cha ndani ya nyama. Kuna hadithi John Aubrey aliiandika, kwamba mwaka 1626 Francis Bacon alishuka kwenye gari la farasi huko huko London, akamnunua kuku, akamjaza theluji tumboni aone kama hataoza. Inasemekana baridi hiyo ndiyo iliyomuua. Iwe kweli au la, kuku wa barafu ameanza zamani kuwaumiza watu wanaojifanya wamesoma.

Bibi hufanya hivi. Anaagiza kuku aliyekatwa vipande kabla ya kugandishwa, vipande vimeachana. Hana friza, na hamwachi nje ayeyuke kwa joto hili, maana nyama ikikaa vuguvugu saa nzima wadudu wanazaliana. Anatoka kashani anaingia presha. Kitunguu, thomu, tangawizi, bizari, chumvi, vikombe viwili vya mai. Sufuria haipiti theluthi mbili, na tundu la mvuke analipuliza kwanza kuona kama limeziba. Filimbi ikilia anapunguza moto, anaongeza kama nusu ya muda wa kuku asiyeganda. Hafungui mpaka msukumo ushuke wenyewe. Anachoma kisu penye nyama nene, akiona wekundu anarudisha. Mwisho kabisa, mfuniko ukiwa wazi, tui zito la nazi na ndimu. Tui ukilitia mwanzo linakatika.

Mnaona uvivu uko wapi hapo? Maana mimi naona mtu aliyenyang'anywa shamba, akapunguziwa bahari, akahesabiwa maji na kuni, na bado jioni kuna wali, kuna kuku wa nazi, na kuna sahani ya jirani iliyofunikwa kawa ikipelekwa.

Sisemi kuku wa friza ni bora kuliko changu aliyetoka majini. Bibi mwenyewe akipata changu, presha inarudi chini ya kitanda siku hiyo. Ningependa vijana wa hapa wavue bila hofu, na mashamba ya bara yarudi kuwa mashamba. Hayo tuyadai, na tuyadai kwa sauti. Lakini tusimtwishe bibi wa miaka sabini na kitu lawama za vita na marufuku ambazo hakuziandika.

Klipu siifuti. Jana nimemsomea komenti zenu, hata ile ya uvivu. Akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akauliza kama huyo kijana ana mke wa kumpikia, au aje Kiwayu ale. Mwaliko ndio huo, mwenyewe unajijua. Boti inatoka Lamu. Njoo na gesi.