Ugonjwa wa Kinga na Kazi ya Muuguzi

Msomaji, ukisimama ukingoni mwa Menengai, mlima uliolipuka zamani ukabaki shimo, waiona Nakuru yote chini yako: ziwa upande wa kusini, na kati ya mlima na ziwa, mji uliozaliwa na reli. Reli ilifika mwaka 1900. Barabara kuu ikafuata, na malori yatokayo Mombasa hupita hapo usiku na mchana kwenda Uganda, Rwanda na Kongo. Mji wa njiani hupata faida ya njia, na hasara yake pia. Ukimwi ulisafiri kwa njia hiyo hiyo. Habari zake husimuliwa mara nyingi kwa hesabu ya waliokufa na hotuba za wakubwa. Mimi nataka uzitazame kutoka kando ya kitanda, pale aliposimama muuguzi.

Mwezi wa Juni 1981 madaktari wa Marekani waliandika habari za vijana watano wa Los Angeles walioshikwa na homa ya mapafu ya aina ambayo mwili wenye afya huishinda bila taabu. Mwaka 1983, mjini Paris, Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier pamoja na wenzao wakakiona kirusi chenyewe. Mwaka 1984 mgonjwa wa kwanza akaandikwa nchini Kenya.

Jina tulilolipa ugonjwa huu katika Kiswahili ni somo tosha: Upungufu wa Kinga Mwilini. Damu ina chembe nyeupe zilizo askari wa mwili, na miongoni mwake zimo ziitwazo CD4, ambazo ndizo zipigazo baragumu askari wengine wakusanyike. Kirusi huingia ndani ya mpiga baragumu na kumfanya kiwanda cha virusi vipya. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe hizo 500 hadi 1,500 katika tone dogo la damu la milimita moja ya ujazo. Zikishuka chini ya 200, maradhi yaliyokuwa yakingoja mlangoni huingia: kifua kikuu, kuhara kusikokoma, utando mweupe mdomoni. Yafaa ujue pia kwamba kinga hupungua kwa sababu nyingine, kama vile njaa, dawa za saratani, au kasoro ya kuzaliwa nayo. Wengi walionyoshewa kidole kwa sababu ya wembamba wao hawakuwa na Ukimwi hata kidogo.

Katika miaka ya 1990 Hospitali Kuu ya Mkoa, Nakuru, ilikuwa kimbilio la mkoa ulioanzia mpaka wa Tanzania hadi ng'ambo ya Ziwa Turkana. Dawa ya kukizuia kirusi haikuwapo kwa mtu wa kawaida. Fikiri basi kazi ya muuguzi wa wakati ule. Daktari alipita, akaandika, akaenda zake. Muuguzi alibaki na mtu anayeyeyuka. Alimgeuza ubavu kila baada ya saa chache asipate vidonda vya kulalia. Alimnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, akamsafisha kinywa ili aweze kumeza, akampangusa jasho la usiku, akabadili shuka. Kazi hizi hazikuponya Ukimwi, lakini kuhara kwaweza kuua kwa kiu peke yake, na kijiko kile kiliongeza siku.

Jamaa walisimama mlangoni wakiogopa kuingia. Muuguzi alijua wasilolijua: kirusi hupita katika damu, katika kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto, hakipiti katika jasho, wala kikombe, wala kupeana mikono. Kwa hiyo alipoigusa damu alivaa mipira ya mikono, na alipomlisha mgonjwa uji aliivua. Sidhani kama palikuwa na mahubiri yaliyowashinda nguvu mikono ile mitupu mbele ya mama aliyekuwa akichungulia.

Maarifa kama hayo yalipelekwa pia nje ya hospitali. Nairobi, katika mtaa wa Majengo, Pumwani, muuguzi Elizabeth Ngugi, aliyekuwa baadaye profesa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwaendea katika miaka ya 1980 wanawake waliouza miili yao, watu ambao wengine waliwataja kwa laana tu. Aliketi nao barazani, akawafundisha kujikinga, nao wakafundishana wenyewe kwa wenyewe.

Mwezi wa Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi, ambaye nyumbani kwake Kabarak kulikuwa karibu na Nakuru, alitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa, miaka kumi na mitano tangu mgonjwa yule wa kwanza. Ukiniuliza, nitasema ilikuwa kuchelewa mno. Wakati huo nchi tajiri zilikuwa zimekwisha pata, tangu 1996, dawa za kupunguza makali ya virusi, kwa bei iliyozidi dola 10,000 kwa mtu kwa mwaka. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitaja bei ya dola 350, na mwaka huo huo Kenya ikatunga sheria ya kuruhusu dawa za bei nafuu. Mwaka 2006 zikatolewa bure katika hospitali za serikali.

Dawa hizi zina sharti moja: zinywewe kila siku. Zikikatizwa, kirusi huamka, na chaweza kujifunza kuzishinda. Mwezi wa Januari 2008, baada ya uchaguzi, vita vya majirani vikafika Nakuru na Naivasha. Nchini watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Maelfu walikimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini Nakuru, na mtu akimbiaye nyumba inayowaka hakumbuki kuchukua chupa ya vidonge wala kadi ya kliniki. Muuguzi asiye na faili hana budi kuuliza: vilikuwa vidonge vingapi, vya rangi gani, umekosa siku ngapi? Na katika hema lenye familia tatu, swali hilo huulizwa kwa kunong'ona au haliulizwi kabisa, maana jibu lake humfichua mtu kwa watu ambao hana pa kuwakimbilia mbali.

Tangu 2016 Kenya humpa dawa kila mwenye virusi bila kungoja kinga yake ishuke, na azinywaye sawasawa hata virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenzi wake. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani, iliyokuwa ikilipia sehemu kubwa ya kazi hii, ilisimamisha misaada yake. Wahudumu wengi wakapoteza kazi, na wagonjwa waliozoea mlango wao na muuguzi wao wakaelekezwa kwenye foleni moja na wenye malaria na mafua, ambako hapana ajuaye majina yao.