Jani la Mkonge na Kilichobaki Nyuma ya Korona

Wasimulizi wa habari za mkonge hupenda kuanza na ile miche 62 iliyofika hai Tanga mwaka 1893, kati ya 1,000 aliyoiagiza Dakta Richard Hindorf kutoka Florida. Kisa hicho chapendeza, ila hufuata njia ya katani peke yake. Sisi na tufuate kile kilichotupwa.

Jani bichi la mkonge ni maji na nyama tele. Katika kilo 100 za majani, katani kavu haizidi kilo nne hivi. Hata hivyo wenye mashamba waliamua kulichukua jani zima kwa troli hadi kiwandani, kwa kuwa korona ni mashine kubwa, yataka injini na maji mengi. Uamuzi huo ndio uliozaa taabu. Mabaki ambayo yangalitawanyika kondeni yakakusanyika mahali pamoja, yakasukumwa na maji mabondeni na mitoni, samaki wakakosa hewa. Na waliokaa karibu na mifereji ile wanaujua uvundo wake.

Lakini mkusanyiko huo huo ulivuta macho ya wataalamu. Mwaka 1951 wakemia Callow, Cornforth na Spensley walitangaza Uingereza kwamba utomvu wa mabaki ya mkonge wa Afrika Mashariki, ukiachwa uchachuke, huweka mashapo yenye hekojenini, mali ghafi ya dawa za jamii ya kotisoni. Utomvu wenyewe haukusafirika, maana ni nani alipe nauli ya maji? Mashapo yalibebeka. Basi yakavuka bahari, na dawa, yenye thamani kubwa kuliko yote, ikatengenezwa huko. Maji machafu yakabaki kwetu.

Tanzania ilitoa tani zaidi ya 200,000 za katani mwaka 1964. Kisha kamba za plastiki zikaiangusha bei, na shamba lililotupa sehemu 96 za jani likawa halina tena ujeuri wa kutupa. Ndipo kampuni ya Katani ikajenga mtambo wa gesi pale Hale, uliozinduliwa mwaka 2008. Hapo mabaki hayakusafiri: yaliozeshwa papo hapo katika tangi, gesi yake ikaendesha jenereta ya kilowati 150, na mashapo yakafaa kuwa mbolea. Mteja wa kwanza wa umeme huo alikuwa korona yenyewe. Tatizo lilikuwa kwamba majani yakikosekana korona ilisimama, na tangi nalo likashinda na njaa.