Doha na Anwani Zinazozeeka: Kwa Nini Barua Pepe Hazifiki

Tarehe 28 Julai 2010, kila daftari la namba za simu mjini Doha lilipitwa na wakati kwa siku moja. Siku hiyo Qatar iliacha namba zenye tarakimu saba na kuanza kutumia tarakimu nane. Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi: tarakimu ya kwanza ya kila namba ilirudiwa. Namba ya mkononi iliyoanza na 5 ikaanza na 55, na ya mezani iliyoanza na 4 ikaanza na 44. Kwa kuwa kanuni ilikuwa moja na ilitangazwa kabla, kila mtu aliweza kuketi na kalamu akasahihisha orodha yake yote.

Anwani ya barua pepe haina bahati hiyo. Hufa kimya kimya, bila tangazo, na aliyeiandika katika orodha yake hana habari.

Katika mji kama Doha, vifo hivyo ni vingi. Sehemu kubwa ya wakazi wa Qatar ni wageni wanaofanya kazi kwa mkataba, wakiwemo Wakenya, Waganda na Watanzania. Mkataba unapomalizika, mfanyakazi hurejea kwao au huhamia nchi nyingine, na anwani aliyopewa kazini hufungwa. Chama cha wahamiaji, shule au kampuni inayotunza orodha ya miaka mitano iliyopita kwa hakika inatunza majina ya watu ambao wengi wao wamekwisha kuondoka.

Ili kuelewa madhara yake, yafaa kurudi nyuma. Mwaka 1971 mhandisi wa Marekani, Ray Tomlinson, alituma barua pepe ya kwanza kati ya kompyuta mbili kupitia mtandao wa ARPANET, akatumia alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta yake. Watumiaji walikuwa wachache kiasi kwamba anwani zao zilichapishwa katika kitabu. Ni kutoka kitabu hicho ambapo, mwezi Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment Corporation alichukua anwani mia kadhaa na kuzitumia tangazo la biashara ambalo hakuna aliyeliomba. Tangazo hilo huhesabiwa kuwa barua taka ya kwanza.

Mwaka 1982 ziliandikwa kanuni za kusafirisha barua pepe ambazo msingi wake unatumika hadi leo. Kwa mujibu wa kanuni hizo, kompyuta inayopokea barua ya mtu asiyekuwepo hujibu kwa namba 550, maana yake kikasha hicho hakipatikani. Jibu hilo lilikusudiwa kumsaidia mtumaji afute jina hilo. Hata hivyo, watumaji wengi hawakulijali.

Barua taka zilipofurika katika miaka ya 1990, watoa huduma walianza kujilinda. Mwaka 1998 shirika la Spamhaus lilianzishwa mjini London, likawa linachapisha orodha za kompyuta zinazotuma barua taka ili barua zao zikataliwe. Aidha, baadhi ya anwani zilizoachwa muda mrefu ziligeuzwa mitego. Anayeiandikia anwani ambayo mwenyewe aliiacha miaka mingi iliyopita hujidhihirisha kuwa hajui anamwandikia nani.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Adhabu haiishii kwenye anwani iliyokufa. Kompyuta zinazopokea hupima sifa ya mtumaji mzima. Barua zake nyingi zikirudi, hata zile zinazokwenda kwa watu walio hai hutupwa katika kapu la barua taka. Samaki mmoja akioza huoza wote. Tangazo la msiba au la mkutano na ubalozi huandikwa vizuri, hutumwa kwa wakati, na bado mtu aliyeko Doha asilione.

Zipo hatari nyingine. Mwaka 2013 kampuni ya Yahoo ilitangaza kuwa majina ya akaunti zilizokaa bila kutumika kwa mwaka mmoja yangeweza kupewa watu wengine. Hivyo barua ya siri iliyotumwa kwa anwani ya zamani ingeweza kufunguliwa na mtu baki. Mwaka 2024 Google na Yahoo zilikaza masharti zaidi: wanaotuma barua kwa wingi walitakiwa kuthibitisha utambulisho wao na kuhakikisha kuwa malalamiko ya wapokeaji hayafiki asilimia 0.3.

Qatar nayo ilichukua njia yake. Kwa mujibu wa Sheria Namba 24 ya mwaka 2017, raia na wakazi walitakiwa kusajili anwani ya taifa: makazi, simu, mwajiri na barua pepe. Usajili ulianza mwishoni mwa Januari 2020, wakapewa miezi sita, na asiyetii aliweza kutozwa faini isiyozidi riyali 10,000. Zaidi ya faini, hati ya kisheria iliyopelekwa kwenye anwani iliyosajiliwa huhesabiwa kuwa imemfikia mhusika. Aliyebadilisha anwani bila kutoa taarifa hawezi kujitetea kwamba hakuipata.

Sheria hiyo inamtwika mzigo mwenye anwani. Kanuni za barua pepe zinamtwika mtumaji. Kwa hakika mzigo ni wa wote wawili. Anayetunza orodha hana budi kufuta anwani zinazorudisha barua na kuwauliza waliobaki, walau mara moja kwa mwaka, kama bado wapo. Naye mfanyakazi anayefunga mizigo kuondoka Doha afanye jambo moja kabla ya kurudisha kitambulisho cha kazi: awaachie wenzake anwani iliyo yake mwenyewe, si ya mwajiri.